Kapu la Matunda Saba: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kitabu cha Picha, Michezo na Vitafunio

Mwezi huu tumepokea barua nne zinazohusu kitabu kimoja cha picha, Handa's Surprise, ambacho Eileen Browne alikiandika na kukichora mwenyewe na ambacho kilitoka Uingereza mwaka 1994. Kwa wasiokifahamu, kisa chake ni hiki. Handa, binti wa Kijaluo wa kusini-magharibi mwa Kenya, anapanga matunda saba kapuni, anajitwika, na kushika njia kumpelekea rafiki yake Akeyo anayeishi kijiji cha jirani. Njiani anajiuliza moyoni ni tunda lipi Akeyo atalipenda zaidi. Huku nyuma, bila yeye kujua, tumbili anachukua ndizi, mbuni pera, pundamilia chungwa, tembo embe, twiga nanasi, swala parachichi, na kasuku pasheni. Kapu linabaki tupu. Kisha mbuzi aliyekata kamba anaugonga mchenza, machenza yanamwagikia kapuni, na Handa anapolitua kwa Akeyo anashangaa yeye mwenyewe, kwa maana machenza ndiyo ambayo Akeyo anayapenda kuliko matunda yote.

SWALI: Shikamoo, mhariri. Nina watoto watatu, wa miaka 3, 6 na 9. Dada yangu aliwaletea kitabu hicho, nasi tumekisoma mpaka kurasa zimelegea. Likizo ya Desemba inakaribia, na ningependa tutoke kwenye kusoma twende kwenye kutenda, pamoja na vitafunio ambavyo watoto wenyewe watashiriki kuviandaa. Sina tanuri wala jokofu, napikia mkaa, na yule wa miaka 9 ameanza kusema kwamba kitabu hicho ni cha watoto wadogo. Nifanyeje?
Mama wa watatu, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Kabla hatujaingia jikoni, naomba ukifungue kitabu tena na ukitazame vizuri, kwa sababu siri ya michezo yote imo humo. Maneno yake hayasemi popote kwamba matunda yanachukuliwa. Yanasema tu anayoyawaza Handa. Wizi wote umo ndani ya picha. Kwa hiyo mwanao wa miaka 3, asiyejua hata herufi moja, analijua jambo ambalo Handa halijui na ambalo wewe unayesoma kwa sauti hujalitamka, na ndiyo maana watoto wa umri huo huinuka na kumpigia Handa kelele ageuke nyuma. Mchezo wowote utakaoubuni, hakikisha unailinda raha hiyo: awepo asiyeona, na wawepo wanaoona wakajizuia kusema.

Mchezo wa kwanza ndio safari yenyewe. Viringisha kipande cha kanga kiwe ngata, kiweke kichwani mwa mtoto, na juu yake weka kikapu chepesi chenye matunda. Mbebaji atembee kutoka mlangoni hadi mwisho wa uwanja bila kugeuka, na wenzake, waliojificha nyuma ya viti na ndoo, wachomoe tunda moja moja kimyakimya. Akifika, asitazame kwanza. Aseme kwa kupima uzito tu ni matunda gani yamebaki, halafu ashushe kapu aone. Mdogo wa miaka 3 abebe kikapu mikononi, maana shingo yake bado ni changa na hatua zake bado hazijatulia.

Hapo ndipo utakapompata yule wa miaka 9. Mpeleke na matunda yake kwa muuza duka mwenye mizani, ayapime moja moja na kuandika uzito wake. Ataona kwamba nanasi moja linaweza kupita kilo nzima ilhali pasheni haifiki hata gramu 100, na atagundua mwenyewe kwamba twiga alipolichukua nanasi, Handa alipaswa kuhisi mzigo umepungua ghafla. Mtoto wa umri huo hufurahi sana kumkamata mwandishi katika kosa, na tangu siku hiyo kitabu kitakuwa chake. Mpe pia kazi ya utambaji: jioni, badala ya wewe kusoma, yeye ndiye aite "Paukwa!" na wadogo wamwitikie "Pakawa!", kisha akisimulie kisa bila kitabu, na kila tunda linapotoweka atege kitendawili. Cha nanasi tayari tunacho tangu enzi za mababu: kuku wangu katagia miibani. Vya matunda mengine sita waache watoto wavitunge wao, hata vikiwa vya ajabuajabu.

Sasa vitafunio. Mishikaki ya matunda ndiyo inayofuata kitabu kwa karibu zaidi, kwa sababu kila mtoto atachoma vipande vyake kwa mfuatano ule ule wa wanyama, ndizi mbele na parachichi mwisho, bila kufungua kitabu. Pasheni haichomeki, kwa hiyo ipasue, uimwagie juu ya mshikaki kama mchuzi. Kamulia ndimu juu ya ndizi na parachichi mara tu baada ya kuzikata, vinginevyo hewa itazifanya ziwe za kahawia kabla ya watoto kumaliza kubishana juu ya mfuatano. Vijiti vikate ncha, na mtoto wa miaka 3 usimpe kijiti kabisa: mkatie vipande vyembamba kwenye sahani, umwondolee mbegu za pera zilizo ngumu, na ale akiwa ameketi, kwa sababu mtoto anayekimbia na tunda mdomoni hupaliwa kwa urahisi.

Kwa jiko la mkaa nakushauri chapati za maji za ndizi. Chukua ndizi mbivu 2, zile zilizoanza kuwa na madoa meusi kwa sababu ndizo tamu, na mpe wa miaka 6 aziponde kwa uma mpaka zilainike. Ongeza yai 1, unga wa ngano kikombe 1, maziwa robo tatu ya kikombe, chumvi kidogo sana, na nusu kijiko cha chai cha iliki iliyotwangwa. Koroga mpaka pasiwe na madonge, acha mchanganyiko upumzike dakika 10, kisha kaanga kwa mafuta kidogo juu ya moto mdogo. Sukari haihitajiki. Moto ukiwa mkali, ndizi itaungua nje ndani kukiwa bado kubichi, na hapo watoto watakata tamaa, kwa hiyo punguza mkaa mapema. Kazi ya kukaanga ni yako. Kumimina kwa upawa anaweza kuifanya yule wa miaka 9 ukiwa umesimama karibu naye.

Kuhusu gharama, usihangaike kuyatafuta matunda yote saba kwa siku moja. Desemba ni msimu wa maembe na mananasi, na ndizi zinazoshuka kutoka milima ya Uluguru hazikosekani sokoni kwenu. Machungwa na maparachichi yakiwa ghali, weka papai na kipande cha tikiti, na waulize watoto ni mnyama gani angevutiwa na papai. Mjadala huo peke yake unaweza kumaliza asubuhi nzima.

Ombi langu moja kwako, na ninaliomba kwa moyo wote: kapu hilo lisiishie nyumbani. Kitabu hiki ni habari ya zawadi, na watoto huisahau sehemu hiyo kwa urahisi kwa sababu wanyama wanachekesha. Basi jioni wachague nani ni Akeyo wao, awe jirani mzee au mtoto mgonjwa wa mtaa wa pili, wakisie ni tunda gani atalipenda, walifunike kapu kwa kawa, na walipeleke kwa miguu yao wenyewe. Wakirudi, waulize kama walikisia sawa.

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu kutoka Leicester, Uingereza. Mimi ni Mjaluo wa Homa Bay, mke wangu ni wa Mombasa, na nyumbani tunazungumza Kiswahili ingawa mwanetu wa miaka 5 anazidi kutujibu kwa Kiingereza. Kitabu hiki amesomewa shuleni. Juzi alimuuliza nyanya yake kwa simu kama tembo wamepita njiani leo. Nyanya alicheka, lakini mimi niliumia kidogo, kwa sababu wenzake darasani nao wanaamini kwamba kwetu ndivyo kulivyo. Je, nikiweke kando?
Baba, Leicester

JIBU: Ndugu yangu, maumivu yako ninayaelewa wala siyaoni kuwa madogo. Mtoto wa Kisumu au wa Homa Bay akisomewa kitabu hicho anajua mara moja kwamba twiga na tembo wamo kwa ajili ya mchezo, kama anavyojua kwamba sungura wa hadithi zetu hazungumzi kweli na fisi. Mtoto wa Leicester hana njia ile ya kijijini kichwani mwake ya kulinganisha, kwa hiyo hadithi inageuka kuwa ramani. Hata hivyo ninakusihi usikiweke kando. Ni kitabu ambamo binti mweusi ni mtoto kama watoto wote, mwenye rafiki, mwenye mawazo na mwenye ukarimu, na mwanao anastahili kumwona mtoto wa namna hiyo mbele ya darasa lake.

Mwambie ukweli kwa utaratibu. Wanyama hao wapo, na baadhi yao hawako mbali na nyanya yake: katika bonde la Lambwe, humo humo kaunti ya Homa Bay, kuna Hifadhi ya Taifa ya Ruma yenye kilomita za mraba 120, ambamo wamo twiga, pundamilia na yule swala mkubwa aitwaye korongo, ambaye nchini Kenya amebaki huko tu. Lakini wanakaa hifadhini. Kwenye njia ya nyanya kuna wanyama wengine, na mwenye kuwajua ni nyanya mwenyewe.

Kwa hiyo tengenezeni kitabu cha pili. Mpigieni nyanya simu, na mtoto amuulize kwa Kiswahili mambo mawili tu: wiki hii umeona wanyama gani njiani, na sokoni kuna matunda gani. Andikeni saba saba. Kunja karatasi 4 katikati, zishone au zibane kwa pini, mtapata kitabu cha kurasa 16, zinazotosha jalada, safari yote na mwisho wake. Mtoto achore, wewe uandike sentensi moja chini ya kila picha, fupi na zenye umbo moja, kama vile "Mbuzi anachukua ndizi", "Kuku anachukua papai". Nina hakika mbuzi wa nyanya atalitimiza jukumu hilo vizuri, kwa maana mbuzi hupenda hata maganda ya ndizi. Kitabu kikiisha, apeleke shuleni akakisome mbele ya wenzake, tena kwa Kiswahili kwanza, kisha awaeleze maana. Sioni namna nzuri zaidi ya kulirekebisha darasa zima bila kumlaumu mtu.

Katika lugha, kapu lenyewe ni mwalimu. Chungwa, embe, pera, nanasi, parachichi na chenza yote ni ya ngeli ya LI-YA: chungwa limechukuliwa, machungwa yamechukuliwa. Ndizi na pasheni zinasimama katika ngeli ya I-ZI, hazibadiliki umbo ikiwa moja au kumi. Usimfundishe kanuni. Chezeni dukani, yeye auze na wewe ununue, moja moja na nyingi nyingi, na ukikosea kwa makusudi atakusahihisha kwa furaha.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani litamvutia yeye na wenzake. Bandikeni ramani ya dunia ukutani, na mtafute asili ya kila tunda la kapuni. Ndizi ilianzia Kusini-Mashariki mwa Asia na Guinea Mpya. Embe lilitoka Asia ya Kusini. Chungwa na chenza ni ya Asia pia, upande wa China. Nanasi, pera, parachichi na pasheni vyote vilivuka bahari kutoka bara la Amerika, na neno pera tulilipata kwa Wareno, ambao kwao ni jina la tunda jingine kabisa. Maana yake ni kwamba kapu la Handa, linaloonekana kuwa la Kiafrika kwa kila hali, halina hata tunda moja ambalo asili yake ni Afrika! Tumeyapokea, tukayapanda, tukayapa majina, na leo ni yetu bila shaka yoyote. Mkipenda kuongeza la nane ambalo ni la bara letu tangu mwanzo, wekeni ukwaju au tikiti.

Kwa kitafunio, huko kwenu chenza hupatikana kwa bei nzuri wakati wa baridi. Mtoto ajaribu kulimenya bila kulikata ganda, alihesabu vipande kabla ya kula, na aandike hesabu ya kila chenza kwa wiki nzima. Atashangaa kwamba hayalingani.

SWALI: Mwanangu mhariri, mjukuu wangu wa miaka 4 anakipenda sana kitabu cha Handa, anayataja matunda yote kwa majina, lakini hali hata moja. Chakula chake ni biskuti. Mama yake anataka nimlazimishe. Mimi moyo wangu unasita.
Bibi, Tanga

JIBU: Shikamoo, bibi. Moyo wako umesita mahali panapostahili. Mtoto anayelazimishwa hujifunza kwamba tunda ni vita, na vita hivyo ataviendeleza hata akiwa mkubwa. Tunachokijua kuhusu watoto wachaguzi ni kwamba huhitaji kukutana na chakula kipya mara nyingi, wakati mwingine zaidi ya mara kumi, kabla ya kukikubali, na kukutana si lazima kuwe kula. Kugusa ni kukutana. Kunusa pia.

Mjukuu wako tayari anayataja matunda, kwa hiyo umeshaanza. Mfunge kitambaa machoni, naye akufunge wewe, mkabidhiane matunda kwa zamu na mkisie kwa kunusa. Anza na pera lililoiva, kwa sababu harufu yake hujaza chumba kizima na hakuna anayelikosea. Mwambie waziwazi kwamba akitaka kulamba atalamba, na akitaka kutema atatema, pana bakuli. Usimsifu kupita kiasi akionja wala usinune akikataa. Mkimaliza, wewe kula mbele yake kwa raha zako, ukijiuliza kwa sauti kama Handa: sijui nitalipenda lipi zaidi leo?

Yako matunda yanayokataliwa kwa sababu ya haki. Nanasi lisilopitishwa motoni huwasha ulimi, kwani ndani yake kuna kimeng'enya kiitwacho bromelaini ambacho huvunjavunja protini, na ulimi wa mtoto huhisi mwasho huo upesi. Moto hukiharibu. Kata duara nene, uliweke juu ya makaa dakika chache kila upande mpaka lipate mistari ya kahawia, na mpe likishapoa. Litakuwa tamu zaidi wala haliwashi. Embe bichi lenye chumvi, ambalo watoto wengi hulipenda kuliko lililoiva, unaweza kumpa vipande vyembamba bila pilipili. Na kwa kuwa Muheza iko jirani yenu, msimu wa machungwa ukifika nenda naye akachague yake mwenyewe kwenye rundo na akulipie muuzaji kwa mkono wake. Ila midomo yake ikivimba au akitoka vipele baada ya kuonja tunda fulani, acha tunda hilo na umwone daktari.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa chekechea mwenye watoto 48. Kitabu hiki nilikiona kwa rafiki, sina nakala, na shule haina fungu la matunda. Naweza kufanya lolote?
Mwalimu, Dodoma

JIBU: Unaweza, mwalimu, tena mengi. Kisa ni kifupi kiasi kwamba ukikisimulia mara moja utakuwa nacho. Matunda wafinyange watoto kwa udongo, wayakaushe kivulini siku kadhaa na kuyapaka rangi. Ukiwagawa katika makundi ya watoto wanane, kila kundi litakuwa na Handa mmoja na wanyama saba, na wote 48 watakuwa mchezoni kwa wakati mmoja. Hesabu ya kutoa itakuja yenyewe, saba kutoa moja, sita kutoa moja, mpaka sifuri, ambayo ni dhana ngumu kwa umri huo na ambayo kapu tupu huieleza vizuri kuliko ubao. Kwa vitabu vingine vya picha, mradi wa African Storybook una hadithi za Kiswahili zinazopatikana bure kwenye intaneti, na unaruhusiwa kuzichapa.

Kama kuna mzazi mmoja anayekula parachichi nyumbani, mwombe kokwa. Lioshe, lichome vijiti vitatu ubavuni, na liegemeze kwenye mdomo wa glasi, upande butu ukiwa ndani ya maji na ule uliochongoka ukiwa juu. Liweke dirishani lakini si kwenye jua kali la Dodoma, na badilisha maji kila baada ya siku chache. Kila Ijumaa watoto walichore. Kwa wiki kadhaa picha zitafanana na wataanza kukuuliza kama limekufa. Wajibu kwamba bado tunangoja, na usilitupe kabla ya wiki ya nane.